Kisanduku cha Mkuu wa Familia

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza na ofisi ya shule ya shangazi inanuka. Kuna soksi za watoto zilizolowa, kuna maziwa yaliyoganda chini ya zulia, na kuna pazia lililoota ukungu ambalo hakuna anayelifua kwa sababu kila mtu anaamini ni kazi ya mwenzake. Mimi nimepewa meza chini ya pazia hilo. Kibodi ina kitu kinachonata kwenye herufi A. Nimekifuta, kikarudi. Sitaki kujua ni nini.

Shangazi ni dada yake marehemu baba, na ndiye mwenye shule hii ya chekechea. Ameniita niutengeneze upya mfumo ambao wazazi wanatumia kujisajili na kuingia, maana uliopo anasema unasumbua. Uliandikwa na kijana aliyejiita Profesa. Alimaliza kazi, akabadilisha namba ya simu, akayeyuka. Nilipofungua kazi yake asubuhi nilikuwa na hamu ya kazi. Mchana nilikuwa nataka kunawa mikono.

Mfumo una kazi moja kubwa. Jioni mzazi anaingia kwa simu yake, kwa namba na paswedi, anabonyeza "Nakuja". Getini mlinzi ana kishikwambi. Anagusa picha ya mtoto: kioo kikiwa kijani mtoto anatoka, kikiwa chekundu anabaki. Shangazi anatamba nacho kila mkutano wa wazazi. "Hapa hata akija rais, kioo kikisema nyekundu, mtoto hatoki."

Sasa sikia uchafu wenyewe. Kwa Profesa hakuna mama, hakuna baba, hakuna bibi. Kuna familia. Familia moja, namba moja, paswedi moja. Kwenye fomu ya kujisajili kuna kisanduku chenye nyota nyekundu, maana yake usipokijaza huendi mbele, na kimeandikwa: Mkuu wa Familia. Aliyemo kisandukuni ndiye mwenye akaunti. Wengine wamepewa lifti tu, na anaweza kuwashusha akitaka.

Mpwa wangu anasoma hapa. Mkuu wa familia yake, kwa mujibu wa kioo, ni shemeji, mume wa mdogo wangu.

Jumanne, 4 Machi

Niliandike hili sasa nisije nikalizungukazunguka msimu mzima. Mdogo wangu wa kike alikuja kwangu mwezi uliopita na mtoto, na begi moja, na jino la mbele limekatika. Hakusema ameanguka. Angalau alinipunguzia huo uongo. Ofisi ya ustawi wa jamii imesema mtoto akae na mama mpaka kesi isikilizwe. Shemeji akampigia simu, sauti ya upole kama anauliza bei ya nyanya: "Wewe sikutafuti, ulipo napajua. Nikishampata mtoto utakuja mwenyewe, kwa miguu yako." Ana kaka yake anayeishi ng'ambo ya mpaka. Mtoto akivuka, basi tena.

Nilimpenda yule mtu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari, ndiye aliyenichekesha siku tunamzika baba nilipokuwa sijiwezi. Nikikumbuka kwamba nilicheka, natema mate kwenye sinki.

Mtoto tunamwita Kijiko. Ana miaka minne na hatoki nje bila kijiko cha chai mfukoni, sijui anategemea kukuta nini njiani. Leo nilimwambia mama yake kwamba nitamtoa shemeji kwenye kile kisanduku. Alikuwa anakamua nguo. Akaacha.

"Kaka, taratibu. Asijue ni mimi."

"Hatajua."

"Mtoe, lakini asijue ni mimi."

Alhamisi, 6 Machi

Nimemfuata shangazi ofisini kwake. Nimemweleza kwa lugha ya kumweleza mtu unayempenda.

"Shangazi, nataka kila mtu mzima awe na akaunti yake. Mama kwa namba yake, baba kwa yake, bibi kwa yake. Halafu tunaandika nani anaruhusiwa kumchukua mtoto gani."

"Wakigombana je?"

"Si wanagombana hivi hivi? Tofauti ni kwamba sasa hivi mmoja ana ufunguo na mwingine hana."

"Mwanangu, nyumba moja haikai wakuu wawili. Wewe niwekee picha."

Picha anayoitaka ni yake mwenyewe. Iwe kwenye ukurasa wa kuingilia, juu ya paswedi. Ile aliyopiga ameshika mkono wa simu ya mezani, simu iliyokatwa laini zamani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeweka picha. Kila mzazi anayetaka kuingia anaanza na meno ya shangazi. Mvua.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimecheka, halafu nikajiona mjinga kwa kucheka.

Nilikuwa napitia orodha ya wakuu wa familia nikaona namba moja inajirudia. Inajirudia ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwanamume mmoja ni mkuu wa nusu ya shule. Nikamwita karani, binti mwenye kucha ndefu ambaye tangu nifike sijamwona akiandika neno lenye herufi zaidi ya sita.

"Huyu ni nani?"

"Dereva."

"Dereva gani?"

"Dereva wetu. Wa basi."

Kumbe mama akija kumwandikisha mtoto na hana mume, au bibi analea mjukuu, kisanduku hakipokei mwanamke, na ile nyota nyekundu inamkatalia karani kwenda mbele. Karani akatafakari, kwa namna yake ya kutafakari, akaona watoto hao wote wanapanda basi la shule, na anayewachukua ni dereva. Akaweka namba ya dereva. Leo, kesho, mwaka mzima.

"Sasa ningefanyaje?" akaniuliza. "Ilikuwa inakataa."

Nikaenda kumwona dereva. Alikuwa anafuta matapishi kwenye kiti cha nyuma, kazi ambayo nilisimama mbali nayo. Wenzake wanamwita Baba Wengi na nilidhani ni mzaha tu wa kazini. Anapata jumbe za kila mtoto. "Mtoto wako amekojoa, leta nguo." "Mtoto wako ana homa." "Hongera, mtoto wako amejua kuhesabu." Zinaingia wakati wa chakula. Mkewe alizisoma siku moja, akafunga sahani yake kwenye kitambaa, akaenda nayo kwa mama yake.

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia ni kazini. Akaniuliza, watoto wote hao kazini unawazaa saa ngapi?"

Alirudi, lakini hadi leo simu ya dereva inalala juu ya kabati.

Jumanne, 11 Machi

Kwa faida ya yeyote atakayeshawishika kuifanya kazi hii: usikubali. Programu za namna hii hujengwa juu ya kiunzi, yaani mifupa ambayo wengine wameshaiunga, wewe unavisha nyama. Kiunzi hiki chenyewe ni kizuri. Kinakupa mtumiaji aliye tayari, yaani maelezo ya nani anaingia na kwa namba gani, na kinakuonya mapema kabisa kwamba kama unataka mtumiaji wa aina yako, amua sasa, kabla hujajenga chochote. Kwa sababu kila kitu kitamning'inia huyo: watoto, vyakula, homa, geti. Ukija kumbadilisha baadaye unabomoa msingi watu wakiwa ndani wanapika.

Profesa hakusoma onyo. Alichukua familia akaiita mtumiaji, akaendelea na maisha yake.

Nitalazimika kujenga mtumiaji mpya pembeni, mtu mmoja mmoja, kisha nihamishe shule nzima. Kazi ya mvua yote hii. Pazia limeanza kudondosha maji kwenye shingo yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Karani amenijia mezani akitafuna kitu. "Yule dada yako alikuja hapa mwezi uliopita. Aliniomba nimtoe mumewe kwenye kisanduku."

"Ukamtoa?"

"Nilibonyeza Badilisha. Ikasema inasubiri idhini."

"Idhini ya nani?"

"Ya mkuu wa familia."

Nikafungua kumbukumbu za ujumbe uliotumwa. Upo. Ulikwenda kwenye simu ya shemeji siku ileile: "Mwenzi wako anaomba kukuondoa kama Mkuu wa Familia. Bonyeza Kubali au Kataa." Na chini yake, kwa ukarimu wa Profesa: "Anwani mpya ya mwenzi wako," ikifuatiwa na mtaa wangu na namba ya mlango wangu, kama mdogo wangu alivyomtajia karani.

Jioni ya siku hiyo ndipo shemeji alipopiga ile simu ya upole. Mdogo wangu mpaka leo anajiuliza ni jirani gani aliyemsengenya. Alimchukia mama wa chumba cha pili, mama wa watu ambaye hajamkosea lolote.

Nilikaa nikimfikiria Profesa ameketi mahali, anaandika sentensi ile kwa umakini, anahakikisha nukta zimekaa sawa. Kisha akala, akalala vizuri. Hakuwa na nia mbaya. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote, kwamba hapakuhitajika nia mbaya.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefika nimemkuta shemeji juu ya ngazi, anazibua mfereji wa paa la shangazi. Mikono ya shati ameikunja, maji ya majani yaliyooza yanamtiririka hadi kwenye kiwiko. Shangazi amemshikia ngazi, mwavuli ameukunjia kwapani, analowa kwa hiari.

"Shemeji yangu," akaniita kutoka juu, kwa furaha kabisa. "Dada hajambo?"

"Hajambo."

"Mwambie nimemsamehe."

Nikasubiri shangazi aseme neno. Akasema, "Unaona mwanaume? Fundi amenisumbua tangu mwaka jana."

"Shangazi, dada hana jino."

"Meno yanatoka, mwanangu. Ndoa huwezi kwenda kuibandika kwa daktari."

Nilimwona daima kama mtu wa majivuno, basi. Picha, simu isiyo na laini, kilemba cha ukoka anachovalishwa na kila anayetaka kupunguziwa kitu. Nilikuwa nacheka. Leo nimemwona amelowa mvua akimshikia ngazi yule mtu na sikupata cha kuchekea.

Jumanne, 18 Machi

Mfumo mpya hautakuwa tayari leo wala wiki ijayo, Kijiko hawezi kufichwa nyumbani msimu mzima, na shemeji anajua paswedi, na kioo kinampa kijani. Nimefanya jambo ambalo ningemfukuza kazi mtu mwingine kwa kulifanya.

Kwanza nilimwendea dereva. Sikutaka kumfanya kama alivyofanywa.

"Nina mtoto mmoja nataka kukuongezea," nikamwambia. Nikamweleza sababu, yote, mpaka jino.

Alisugua usukani kwa kitambaa muda mrefu. "Atapanda basi?"

"Atapanda. Utamshusha kwangu."

"Yule wa kijiko?"

"Yule yule."

"Weka," akasema.

Nikaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata, kwa mlango wa nyuma, ambako hakuna idhini wala ujumbe. Nikafuta namba ya shemeji, nikaweka ya dereva. Nilimtukana karani moyoni wiki nzima kwa ujinga huu huu. Vidole vilikuwa vinanata, sijui ni ile herufi A au ni mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Soksi hazikauki. Kijiko anasema basini wanaimba na dereva hajui maneno.

Jumatano, 26 Machi

Nimemaliza nusu ya mtumiaji mpya. Kwenye fomu yangu hakuna mkuu. Kuna swali moja tu: "Wewe ni nani kwa mtoto huyu?" Unajibu, kisha wanaomlea mtoto wanakubali au wanakataa. Mlezi wa kwanza anathibitishwa na shule kwa karatasi zake, si kwa ndevu zake.

Nilimwonyesha shangazi. Akaangalia kwa makini ya uongo, miwani puani.

"Picha yangu iko wapi?"

Ijumaa, 4 Aprili

Shangazi aliniita. "Mume wa dada yako anasema paswedi inamkatalia."

"Inawezekana."

"Mrudishie."

Nilikuwa nimejiandaa kudanganya, nimeshapanga na maneno: seva, mvua, hitilafu. Nilipomtazama yakaniishia. "Sifanyi, shangazi."

"Umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia. Ustawi wamesema mtoto akae na mama yake. Sifanyi."

Akavua miwani. Alinilea miaka miwili mama alipokuwa hospitali, na alikuwa na haki ya kunikumbusha, lakini hakunikumbusha. Alisema tu, "Basi atafanya karani." Karani alikuwa ametoka kwenda mazishini na atarudi wiki ijayo. Nikashukuru msiba wa watu. Sijivunii.

Jumanne, 8 Aprili

Karani amerudi. Namletea chai, namshikisha kazi zisizo na kichwa wala miguu. Amenikodolea macho siku nzima. Nadhani anafikiri namtongoza.

Jumatano, 9 Aprili

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Mvua ilikuwa imefunga anga tangu mchana. Wakati wa kutoka wazazi walikuwa wamejazana chini ya kibanda cha geti, simu mikononi, wananuka makoti mabichi. Basi lilikuwa limeegeshwa ndani, dereva kwenye usukani, watoto wake wanapanda. Shemeji akaja. Amenyoa, ana mfuko wa zawadi, na nje ya geti kuna gari limewashwa, usukani kaushika mtu nisiyemjua.

Alimtajia mlinzi jina la mtoto. Mlinzi akagusa picha. Kioo kikawa chekundu.

Mlinzi huyu sijawahi kumpenda. Ni mtu anayekiamini kile kishikwambi kuliko macho yake. Aliwahi kumkatalia mama mjamzito aliyemjua tangu utoto kwa kuwa chaji iliisha. "Nyekundu," akasema.

"Mimi ni baba yake."

"Kioo kimesema nyekundu."

Kijiko alikuwa kwenye ngazi ya basi. Akamwona. "Baba," akaita, akashuka, akakimbia na kijiko mkononi kuvuka tope lote. Mlinzi akamdaka kiunoni kabla hajafika getini. Mtoto akalia. Hakulia kwa hofu. Alikuwa anamtaka baba yake, amenyoosha mikono yote miwili, na nilisimama pale nikiwa ndiye niliyeipaka ile nyekundu.

"Unamsikia?" shemeji akawaambia watu, machozi yanamlengalenga. "Ananiita baba. Mnataka ushahidi gani?"

Watu walianza kunung'unika. Mama mmoja akasema, "Jamani, si mumpe mwanawe." Ningekuwa sijui, ningesema hivyohivyo.

Shangazi akatoka na mwavuli. Alipoona akageukia dirisha la ofisi. "Karani, mrejeshe huyu baba kwenye mfumo, sasa hivi."

Nilikimbilia ofisini. Karani alikuwa ameshabonyeza. Na mfumo wa Profesa, ule mfumo mchafu, ukafanya alichoufundisha Profesa: ukaandika kwamba unasubiri idhini ya mkuu wa familia.

Ndani ya basi simu ikalia.

Nilirudi nje. Dereva alikuwa ameshuka, ameishika simu kifuani isilowe. Shangazi akamfikia. "Ni wewe? Kwa nini ni wewe? Haya, bonyeza Kubali."

Dereva akausoma ujumbe. Anasoma polepole, midomo ikicheza.

"Bonyeza, baba. Watu wanalowa."

"Mama," dereva akasema, "nina watoto humu hata idadi yao siijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mke wangu alinihama, hamkuniuliza. Leo ndiyo mara ya kwanza simu hii inaniuliza kitu."

Akabonyeza. Getini kioo kikabaki chekundu.

Shemeji hakulia tena. Uso ulibadilika, ukawa ule ambao bila shaka mdogo wangu anaujua, na nadhani watu wa mbele waliuona kwa sababu yule mama aliyesema apewe mwanawe akamvuta wa kwake karibu. "Fungua hili geti," akamwambia mlinzi, sauti ya chini.

"Fungua," shangazi akasema na yeye, lakini alikuwa amemwona pia. Alisema bila nguvu.

Mlinzi akamgeukia, mtoto kampakata, maji yanamdondoka puani. "Mama, wewe mwenyewe umesema. Hata akija rais."

Kibanda kizima kikamtazama shangazi. Wazazi wote wale, walioandikisha watoto wao kwa ajili ya maneno hayo. Nilimwona anahesabu. Simjui mtu anayependa kuonekana mkweli kama yeye. Akajiweka sawa kama anayepigwa picha.

"Kioo kimesema," akatangaza. "Mtoto hatoki."

Shemeji aliutupa ule mfuko kwenye tope, akaondoka. Ndani kulikuwa na mdoli. Dereva akampandisha Kijiko, akabonyeza Nakuja, kioo kikawa kijani, basi likatoka. Mtoto alilia mpaka kwangu, dereva anasema, na yeye dereva alikuwa anamwimbia wimbo asioujua.

Alhamisi, 10 Aprili

Jana nilimsimulia mdogo wangu. Aliuliza jambo moja: "Alijua ni mimi?"

"Alijua ni dereva."

Akapumua. Na mimi pumzi ile ilinikera, Mungu anisamehe. Nilitaka awe na hasira. Halafu nikamwona anavyofumba mdomo akipumua ili lile pengo lisionekane, hata mbele yangu.

Ninachoshindwa kumeza ni kwamba aliyemwokoa mtoto si mimi na kazi yangu safi. Ni kiraka cha karani, na idhini ya kipumbavu ya Profesa, na mlinzi asiyefikiri, na majivuno ya shangazi. Uchafu wote nilioulalamikia tangu Machi ulijipanga mstari na kuziba geti. Ungejipanga kinyume ungempa shemeji mtoto, na usingejua tofauti.

Jumatatu, 14 Aprili

Dereva amesimamishwa kazi. Kwa utovu wa nidhamu.

Jumatano, 16 Aprili

Dereva amerudishwa kazini. Kumbe akisimama yeye, nusu ya shule haina mkuu wa familia, kioo chote chekundu, na watoto walibaki ofisini kwa shangazi hadi giza wakimchezea miwani. Amerudi na sharti lake moja: atolewe kwenye visanduku vyote isipokuwa kimoja. Sikumwuliza kipi.

Alhamisi, 24 Aprili

Wazazi wameitisha mkutano. Yule mama wa getini alisimama akasema anataka kujua nani ana ruhusa juu ya mwanawe, jina kwa jina. Shangazi akasimama akasema hilo alishaliagiza tangu Machi, mfumo mpya uko mbioni, wazo ni lake. Alisema huku ananitazama machoni, mkavu kabisa. Nikaitikia kwa kichwa. Acha achukue.

Jumatatu, 5 Mei

Mfumo mpya umeanza kazi. Karani amejaza siku nzima bila kukwama, anasema amechoka kwa sababu hakuna cha kumkatalia. Picha ya shangazi ipo, chini kabisa, ndogo kama stempu. Hajaipata bado.

Mvua inapungua. Pazia nimelifua mwenyewe. Maji yalitoka meusi mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu, nikaacha kuangalia.

Ijumaa, 9 Mei

Shemeji amejisajili. Fungua akaunti, namba yake, paswedi yake. "Wewe ni nani kwa mtoto huyu?" Akaandika: Baba. Mfumo wangu haukubishana naye, kwa kuwa ni kweli. Ukapeleka ombi kwa mlezi.

Mdogo wangu alikuwa jikoni, anaosha vyombo. Simu ikalia juu ya meza. Akafuta mikono, akasoma, akaketi. Kijiko alikuwa chini ya meza anagonga mguu wa kiti kwa kijiko chake.

"Nikikataa, ataambiwaje?"

"Ataambiwa ombi lake limekataliwa."

"Na nani?"

"Halisemi. Niliacha hivyo makusudi. Ulisema asijue ni wewe."

Mtoto akaendelea kugonga. Mdogo wangu alipoongea aliniangalia, na mdomo hakuufumba.

"Libadilishe. Liseme."

"Una hakika?"

"Kaka, fungua hiyo kompyuta yako."

Nikaifungua palepale, kati ya sahani mbichi. Ni sentensi moja tu. Nikaongeza maneno manne: na mama wa mtoto. Nikamwonyesha, akasoma mara mbili, akaniambia niweke nukta.

Kisha akaichukua simu, akabonyeza Kataa, akarudi kwenye vyombo.